Aliyetoa Damu Anadai Jibu
Tangu mwaka 2004, wagonjwa wa selimundu kwa maelfu wameandikishwa na kufuatiliwa na watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya baadhi yao kuhusu himoglobini ya mimbani, ile inayomkinga mtoto mchanga katika miezi yake ya mwanzo. Wapo wanaobaki nayo kwa wingi hata ukubwani, na maradhi huwaelemea kidogo. Ujuzi wa namna hiyo, uliokusanywa kwa wagonjwa wa nchi mbalimbali, ndio uliozaa tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja!

Sisemi tukae tukiisubiri. Haidroksiyurea huongeza himoglobini hiyohiyo kwa dawa ya kumeza kila siku. Kwa maoni yangu, ridhaa inayotiwa saini pasipo mpango wa kumfikishia mtoa damu dawa hiyo, pamoja na maelezo ya kilichoonekana, ni nusu ya ridhaa. Mgonjwa, uliza sampuli yako ilifundisha nini. Nawe muuguzi, usilione swali hilo kuwa utovu wa adabu. Lifikishe kwa mtafiti, kisha urudi na jibu.