WAZEE WETU NAO WAPEWE KITI MAKTABANI

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na mwalimu akatutilia alama ya vyema. Lakini hebu nikuulize, ewe mwanafunzi mwenzangu: mara ya mwisho kukaa na mzee saa nzima ukimsikiliza ilikuwa lini? Tena si matangani, wala si siku ya Krismasi.

Likizo ya Agosti iliyopita, babu yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita kuka, alitoka Webuye kwa matatu akaja kwetu Kitale kupimwa macho. Mimi nami nilikuwa na kazi ya historia kuhusu vita vya Chetambe vya mwaka 1895, Wabukusu walipopigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley. Tukiwa njiani tukapitia maktaba moja ya umma ili nitafute kitabu. Jina la maktaba hiyo sitalitaja. Mlangoni bawabu akasema, "Kijana, wewe ingia. Mzee, hapa ni pa wanafunzi, ngojea tu pale kwa benchi."

Kuka hakubishana. Alivua kofia yake kana kwamba yeye ndiye aliyekosa, akaenda kuketi chini ya mti.

Kitabu nilikipata, lakini vita vile vilipewa aya mbili tu. Nikazinakili, nikatoka nje. Kuka akaniuliza, "Wameandika nini?" Nikamsomea. Akacheka kidogo, kisha akaanza kunieleza kilima kilivyo, handaki na ukuta wa udongo vilivyokuwa, na jinsi bibi yake, aliyekuwa mtoto mdogo siku hizo, alivyosimulia kwamba watoto waliamriwa wasilie usiku wasije wakasikika. Wasichana wawili waliokuwa wakila mandazi wakasogea. Baadaye tukawa watu saba. Mmoja akatoa daftari. Hata bawabu alitoka mlangoni akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kuka alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, hadi kiliposimama mwaka 2009. Basi mtu aliyetoa jasho ili karatasi zipatikane nchini hana kiti mahali karatasi hizo zinaposomwa!

Simlaumu bawabu peke yake. Mazoea hayo yana mizizi. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee. Wazee wetu wengi walikua wakijua kwamba maktaba si mahali pao. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuanzisha maktaba za kitaifa kwa ajili ya wananchi wote. Lakini sisi wanafunzi tumezijaza na kuzigeuza vyumba vya kudurusia mtihani, hata mtu mzima akiingia tunamkodolea macho kama aliyepotea njia. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye miaka 60 na zaidi ni kama milioni 2.7. Je, hao wote tuwaweke kwa benchi?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kila maktaba ya umma itenge saa mbili Jumamosi alasiri ziwe za wazee na vijana. Pili, tubadilishane: sisi tuwasomee magazeti na barua, tuwaonyeshe jinsi ya kutumia simu bila kutapeliwa; wao watusimulie mambo ya kale, iwe kwa Kiswahili, Kibukusu au Kisabaoti. Tatu, simulizi hizo ziandikwe, zitiwe jina la msimulizi, ziwekwe rafuni kama kitabu kingine chochote.

Najua wapo watakaosema kwamba tutapiga kelele. Kwani veranda ina kazi gani? Wengine watasema wazee hutia chumvi, na kwamba wawili hawasimulii sawa. Ni kweli. Lakini vitabu navyo havikubaliani kila mara, na mwalimu wa historia hutufundisha kuvilinganisha. Tuwalinganishe na wazee vivyo hivyo.

Wala hili si ndoto ya mchana. Kule Garissa, tangu mwaka 1996, vitabu vilibebwa kwa ngamia vikawafuata wafugaji walikokuwa. Huko Denmaki, mwaka 2000 ulianzishwa mpango uitwao Maktaba ya Binadamu, ambapo msomaji huazima mtu badala ya kitabu, akaketi naye na kumuuliza maswali. Ikiwa kitabu kiliweza kupanda ngamia, mzee atashindwaje kupanda ngazi tatu za maktaba? Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba chini ya kaunti. Kwa hivyo naomba mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aturuhusu tuandike barua mbili, moja kwa Kaunti ya Trans Nzoia na nyingine kwa Kaunti ya Bungoma. Tukingoja majibu, tuanze sisi wenyewe chini ya mti.

Siku ile tulipokuwa tukirudi nyumbani, kuka alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alikuwa amekibeba wiki mbili akitafuta mtu wa kumsomea. Daktari amesema jicho la kushoto limeshafifia. Kuka ana miaka 78, nami mwaka ujao nina mtihani wa kidato cha nne. Kati yetu sisi wawili, hakuna mwenye muda mrefu wa kungoja.