Boti ya Faiba Uani: Nani Ashike Nini?



Kutoka Tanga hadi Mtwara, na kando ya Ziwa Viktoria pia, boti za faiba zimekuwa nyingi. Mashua ya mbao huhitaji kukalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa mara kwa mara, na wadudu wa baharini huitoboa. Faiba haiozi wala haitobolewi na wadudu. Kwa hiyo baba akipata boti kuukuu ya faiba kwa bei nafuu, huileta nyumbani, huipindua chini ya mwembe, na jamaa yote huitwa kusaidia.

Jambo hilo ni jema. Katika Nehemia sura ya 3 twasoma kwamba Shalumu alijenga ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Lakini ukiisoma sura ile yote utaona kwamba kila kundi lilikuwa na sehemu yake. Ndivyo inavyofaa katika boti hii. Wote wasaidie, lakini si kila mkono uguse kila kitu. Mama, wewe ndiwe unayejua nani mdogo, nani mjamzito na nani ana pumu. Basi kaa na baba mgawane kazi kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.

Kwanza, kagueni

Chukueni mpini wa bisibisi mgonge boti yote polepole. Faiba nzima hutoa sauti kali. Iliyoachana matabaka au yenye maji ndani hutoa sauti butu. Watoto waiweza sana kazi hii: mmoja agonge, mwingine azungushie chaki pale sauti inapobadilika.

Tazameni hasa ubao wa nyuma unaobeba injini. Mara nyingi ubao huo umefunikwa kwa faiba, na maji yakipenya kwenye matundu ya skrubu, huoza ndani kwa ndani huku nje panang'aa. Kupaka rangi juu ya ubao uliooza ni hatari, kwani injini yaweza kung'oka baba akiwa mbali na pwani. Mama, usione haya kuuliza habari ya ubao huo. Fedha za rangi na zingoje, ubao ubadilishwe kwanza. Kisha boti ikauke kabisa mahali penye upepo, hata kama itachukua wiki kadhaa, maana kiraka hakishiki penye unyevu.

Vumbi lake

Kando ya ufa, faiba husagwa kwa mteremko ili kiraka kipate pa kushika. Ikiwa unene ni milimita 6, mteremko uwe kama sentimita 7 kila upande. Vumbi linalotoka lina vipande vya nyuzi za kioo, nalo huwasha ngozi, macho na koo. Anayesaga avae nguo ya mikono mirefu, miwani inayofunika macho na barakoa ya kuzuia vumbi. Kanga iliyofungwa puani haitoshi.

Tena, rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isiparuzwe ikiwa kavu. Ilowanishwe, na maganda yake yakusanywe juu ya turubai. Watoto, kuku, nguo zilizoanikwa na mitungi ya maji viwe mbali. Msagaji akimaliza aoge kwanza kwa maji baridi bila kujisugua, na nguo zake zifuliwe peke yake, si katika beseni moja na nepi za mtoto.

Resini na hadena

Kiraka cha nyuzi za kioo hubandikwa kwa resini, ambayo hugeuka kuwa ngumu ikitiwa hadena kidogo. Kwa kawaida lita moja ya resini huhitaji mililita 10 hadi 20 za hadena, na katika joto letu kiasi cha chini hutosha. Fuateni maelezo ya kopo. Hadena ikizidi, mchanganyiko hupata moto wenyewe hata kutoa moshi. Changanyeni kidogo kidogo. Kama resini yenu inahitaji pia dawa ya kuharakisha, dawa hiyo ichanganywe na resini kwanza, kwani ikikutana na hadena moja kwa moja yaweza kulipuka.

Hapa, akina mama, ndipo pa kuogopa zaidi. Hadena ni nyeupe kama maji. Isimiminwe kamwe katika chupa ya soda. Ikae katika chupa yake yenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli. Tone likiingia jichoni laweza kupofusha. Osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, muda usiopungua dakika 15, ndipo mwende hospitali. Msianze safari kabla ya kuosha. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue ili mganga aione. Makopo matupu yatobolewe, yasije yakawekewa maji au mafuta ya kupikia.

Harufu kali ya resini hutokana na stairini, ambayo huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Barakoa ya vumbi haiizuii. Yatakiwa ile yenye kichujio cha mkaa, na kazi ifanyike nje penye upepo. Mama mjamzito na anayenyonyesha wakae mbali. Asitoni ya kuoshea brashi nayo hushika moto upesi, basi isikaribiane na jiko wala sigara.

Mgawanyo wa kazi

Watoto wadogo wapewe chaki, na kazi yao iishie kabla ya kusaga. Wakubwa kidogo, wavulana kwa wasichana, waandike vipimo na kutazama saa, wakiwa upande upepo unakotoka. Vijana waliokomaa wakate nyuzi za kioo wakiwa na glavu. Resini na hadena viwe vya watu wazima tu. Mama ashike daftari la gharama na ndoo za maji safi karibu na kazi. Kama si mjamzito wala hanyonyeshi, naye ashike brashi akipenda.

Boti ikiisha, ijaribiwe kwanza karibu na ufuko, kila aliyemo akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Pale mahali pa chaki patazamwe kama panavuja kabla baba hajaenda mbali.

Bwana awalinde walio majini na walio nyumbani. Amina.