Mjane wa duara anahitaji zaidi ya matanga

Makala iliyodai kuwa yoga na kutafakari ni anasa ya Wazungu, na kwamba mfiwa wa kwetu ana matanga yanayomtosha, imewasahau wafiwa wenyewe. Kwanza, asili ya yoga ni India, si Ulaya. Pili, matanga huanuliwa. Turubai likishakunjwa na rambirambi kuhesabiwa, mjane wa mchimbaji aliyefia duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, anarudi karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, kuchagua mawe, moyo ukimwenda mbio kila ardhi inapotikisika.

Kifo cha mgodini kina ukatili wake: mara nyingine huna hata mwili wa kuuaga. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya siku 41 chini ya kifusi. Hebu wafikirie jamaa zao, siku zote hizo hawajui walie au wangoje. Ubani gani unautuliza mwili uliozoea hofu ya namna hiyo?

Kuketi, kulegeza mabega, kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi hutuliza mapigo ya moyo. Hilo halimnyang'anyi mtu dini yake wala ukoo wake. Wala sisemi kwamba pumzi inalipa fidia: mwenye duara alipe, na mkaguzi wa migodi awajibike. Lakini akina mama wa vikoba vya Geita na Kahama tayari wanakutana. Dakika 10 za mazoezi haya kabla ya kununua hisa hazihitaji mkeka wa dukani wala mwalimu wa kutoka Dar es Salaam.