Muuza dawa, uliza kwanza

Mhariri,

Mdogo wangu ana baipola. Huu ni mwaka wa tatu anameza lithiamu, na kwa kweli imemtuliza: hagawi tena vyombo vya nyumba usiku wa manane. Lakini kiu haimwishi, na mkono humtetemeka hadi chai inamwagika kwenye kisahani. Majirani hapa Kayole husema ni chang'aa. Hilo tumelizoea.

Lisilozoeleka ni duka la dawa. Mwezi jana aliumwa mgongo, akauziwa diklofenaki bila kuulizwa lolote. Dawa za jamii hiyo, Brufen ikiwemo, huzifanya figo zishindwe kutoa lithiamu vizuri, ikarundikana mwilini hadi ikawa sumu. Siku ya nne alikuwa akitapika, akiyumba, ulimi mzito. Tulimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Kipimo cha damu kilieleza yote.

Wauza dawa wa Umoja, Dandora na Kariobangi, muulizeni mteja anatumia nini kabla ya kumkatia vidonge. Nanyi mnaomeza lithiamu, mkitapika au kuharisha, nendeni mkapimwe damu siku hiyohiyo.

Msomaji,
Kayole, Nairobi