Watu wa mitaani Maua wahitaji bafu, si sabuni ya Krismasi

Kila siku magari ya miraa hutoka mjini Maua kwa kasi yakikimbilia Nairobi, kwani miraa haingoji mtu. Ikinyauka, thamani yake imekwisha. Vumbi likishatulia huonekana wale ambao hawana safari. Ni wavulana waliovaa matambara, wengi wao wakiwa miguu mitupu, ambao usiku hujilaza kwenye veranda za maduka juu ya magunia na katoni. Mchana huokota, huomba na kubeba mizigo ya watu, kisha hurudi kwenye gunia lile lile. Miongoni mwa watu wa mitaani wamo pia akina mama wenye watoto mgongoni, na watu wenye maradhi ya akili ambao jamaa zao walikwisha kuchoka kuwatafuta.

Ewe msomaji, ukimwona mmoja wao akijikuna, usiharakishe kuziba pua. Jiulize kwanza maswali mawili. Mtu huyu alioga lini? Na je, akitaka kuoga leo, ataogea wapi?

Swali hili la pili ndilo zito. Mwenye njaa hakosi mtu wa kumrushia kipande cha mkate au mwenye mkahawa wa kumpa mabaki. Lakini ni nani atakayemfungulia mtoto wa mitaani bafu lake? Choo cha umma hulipiwa, na mwenye sarafu moja tu atainunulia chakula kabla ya kufikiria msalani. Matokeo yake ni vichochoro kugeuzwa vyoo, nasi tukipita tunawalaumu.

Hili si tatizo la Maua pekee. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Kati yao, 15,337 walikuwa Nairobi. Maana yake ni kwamba takriban thuluthi mbili walikuwa katika miji mingine, mikubwa na midogo, ambako misaada na mashirika ni haba kuliko katika jiji kuu.

Upele haujui sikukuu

Katika miji yetu mingi kuna desturi njema. Sikukuu ikikaribia, waumini wa makanisa na misikiti, pamoja na vikundi vya vijana, huwakusanya watoto wa mitaani, wakawanyoa, wakawaogesha na kuwapa nguo. Wanaofanya hivyo wanastahili pongezi, kwani wengi wetu hatujafanya hata hilo. Hata hivyo, msaada wa mara moja kwa mwaka hauwezi kuyashinda maradhi ya uchafu, na sababu yake ni ya kitaalamu.

Chukua mfano wa upele. Ugonjwa huu huletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Yai huchukua takriban majuma mawili kuwa kidudu kizima. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anawaambukiza wenzake wanaolala naye wakisongamana kukwepa baridi ya Nyambene. Ndiyo sababu madaktari husisitiza mambo matatu: wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja, nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, na dawa irudiwe baada ya siku kadhaa kama mhudumu wa afya atakavyoagiza. Ukimwogesha mtoto mmoja leo na usiku akarudi kwenye gunia lile lile, kazi yako imeharibika kabla ya mapambazuko.

Wapo watakaosema kwamba upele haujamuua mtu. Wasidanganyike. Ngozi iliyokunwa hadi ikachubuka huingiza bakteria, na baadhi ya bakteria hao huweza kudhuru figo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na neno hilo la kupuuzwa linafaa kabisa.

Chawa wa mwilini nao wana tabia yao. Hawaishi kwenye ngozi bali kwenye mishono ya nguo, na huijia ngozi ili kunyonya damu tu. Kwa hiyo mtu akioga kisha akavaa shati lile lile, amewarudisha chawa mezani. Funza hali kadhalika huingia miguu isiyooshwa na isiyo na viatu, mpaka mtu akashindwa kutembea. Kuhara huenezwa na mikono iliyotoka kwenye kichochoro ikaingia kwenye sahani. Yote haya yana dawa, lakini dawa bila maji na sabuni ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Harufu hufunga milango

Madhara mengine hayaonekani kwa darubini. Mtu mchafu hujiona si mtu. Akiingia zahanati, foleni humhepa, naye akiona hivyo hutoka kabla ya kumwona daktari. Kidonda ambacho kingetibiwa kwa siku chache huoza. Akiomba kazi ya kuosha vyombo, mwenye mkahawa humfukuza kwa kuwa wateja watakimbia. Basi hukosa kazi kwa kuwa ni mchafu, na hubaki mchafu kwa kuwa hana kazi.

Huko Roma, mwaka 2014, askofu aliyesimamia sadaka za Papa alimwalika mtu asiye na makao wakale pamoja mkahawani. Mtu yule alikataa, akieleza kwamba ananuka. Chakula katika mji ule alikuwa akikipata. Kilichomshinda kupata ni mahali pa kuoga. Kisa hicho kiliwazindua, na mwanzoni mwa mwaka 2015 Vatikani ilifungua mabafu karibu na Uwanja wa Mtakatifu Petro, pamoja na vinyozi waliojitolea siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo siku yao ya mapumziko. Huko Brisbane, Australia, vijana wawili walitia mashine za kufulia ndani ya gari mwaka 2014 wakaanza kuwafulia bure watu wa mitaani. Hawakungoja serikali.

Wasichana wa mitaani wana mzigo wa ziada. Serikali ya Kenya iliondoa kodi kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ikaagiza wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo. Hatua hizo ni nzuri, lakini msichana anayelala nje hayumo katika sajili ya shule yoyote. Sheria imempita kando. Kila mwezi yeye hutumia kitambaa alichookota, asiwe na mahali pa faragha pa kukibadilisha wala maji ya kukiosha.

Maji hayatakosekana

Sasa tuhesabu. Mtu mmoja anaweza kuoga vizuri kwa mtungi mmoja wa lita 20, na akabakisha ya kusuuza ndara zake. Watu 40 wakioga siku moja watatumia lita 800. Paa la mita 10 kwa mita 10, likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, hukinga karibu lita 1,000. Nyambene si jangwa. Misimu ya mvua ikifika maji hutiririka barabarani tukiyaruka. Kanisa, msikiti au ghala lenye paa la mabati na tangi linaweza kuoga watu hao wote kwa mvua ya usiku mmoja. Wakati wa kiangazi itabidi maji yanunuliwe, lakini hata hapo mzigo wa lita 800 kwa juma hauwezi kuulemea mji wenye biashara kama wa Maua.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo chenye kudumu. Kuwe na vyumba vinne vya kuogea karibu na soko, viwili vya wanaume na viwili vya wanawake, vyenye milango inayofungika. Pawe na pipa la kuchemshia maji ya kufulia, kamba ya kuanikia, na akiba ya nguo za kubadilisha wakati za mtu zikikauka. Pawe na kinyozi, na wembe mpya kwa kila kichwa. Siku iwe moja, isiyobadilika, kila juma. Mhudumu wa afya aje siku hiyo hiyo akague ngozi, miguu na vidonda, na wanaohitaji matibabu zaidi wapelekwe hospitali. Mji huu una Hospitali ya Methodist iliyoasisiwa mwaka 1928, kwa hiyo elimu ya afya si ngeni hapa. Aidha, akina mama wakabidhiwe upande wa wanawake, na pasiwe na mtu mzima wa kukaa peke yake na mtoto bafuni. Usalama wa watoto ni sehemu ya usafi wenyewe.

Kazi ya kuwasha moto, kuchota maji na kufagia wapewe vijana wa mitaani wenyewe kwa ujira. Hili limewahi kuonekana Kenya. Huko Kibera, Nairobi, wenyeji waliojiunga katika vikundi wameendesha majengo yenye vyoo na mabafu ya kulipia, ambamo kinyesi hutoa gesi ya kupikia. Wenye uwezo hulipa, na malipo hayo hutunza jengo. Maua yaweza kufanya vivyo hivyo: wachuuzi na utingo walipie bafu siku sita, ili siku ya saba wasio na kitu waoge bure.

Wenye shaka

Najua wako watakaonung'unika. Watasema, mkiwaogesha hawa, kesho watajaa mjini. Jibu ni kwamba hakuna mtoto anayekimbia nyumbani kwa kufuata sabuni. Watoto hukimbia njaa, kipigo, ulevi na vifo vya wazazi. Wengine huvutwa na senti za miraa wakaacha shule. Bafu halitayaondoa hayo, na asiyetaka kudanganya umma lazima akiri hivyo. Lakini bafu humleta mtoto mahali pamoja kila juma mbele ya watu wale wale. Akisha kuwazoea, atawaambia jina lake na kwao ni wapi. Safari ya kurudi nyumbani au shuleni huanzia hapo.

Wengine watasema ni kazi ya serikali. Wana haki kwa kiasi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na ya maji safi ya kutosha. Haikusema kila mwenye nyumba. Huduma za maji na usafi zilikabidhiwa kaunti, na Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani ilianzishwa mwaka 2003. Zamani kulikuwa na sheria iliyomfanya mzururaji kuwa mhalifu, nayo ilifutwa mwaka 1997. Kaunti ya Meru basi itoe kiwanja na bomba, na bwana afya asimamie. Lakini serikali ikichelewa, upele hauchelewi.

Tukumbuke mwaka 2020, Covid-19 ilipoingia nchini. Kila mlango wa duka uliwekwa mtungi wa maji na sabuni, hata katika miji iliyodai haina maji. Maji yalipatikana kwa kuwa sote tuliogopa. Mtoto wa mitaani naye anaogopa, ila hofu yake haina kipaza sauti.

Wafanyabiashara wa Maua, viongozi wa dini, wazee na vijana, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mmoja atoe paa, mwingine tangi, mwingine sabuni, na asiye na kitu atoe saa mbili zake kwa juma. Krismasi ikifika tutawapa nguo mpya kama kawaida, lakini safari hii tutawavika watu ambao tayari ni safi.