Saratani mbili za kongosho zisizolingana

Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alipofariki Oktoba 5, 2011 akiwa na umri wa miaka 56, habari zilizoenea ulimwenguni zilisema ameuawa na saratani ya kongosho. Maneno yayo hayo yalikuwa yametumika Septemba 2009 kutangaza kifo cha mwigizaji Patrick Swayze. Hata hivyo, maradhi ya wawili hao yalishiriki kiungo tu.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula na lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusaga chakula, ambayo hupitia vijifereji hadi kwenye utumbo. Katikati yake mna vishada vya seli zinazotoa homoni kama vile insulini. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kila kumi huugua saratani inayoanzia kwenye vijifereji hivyo. Hiyo ndiyo iliyomuua Swayze, takriban miezi 20 baada ya kugunduliwa Januari 2008. Jobs aliugua ile adimu, ya seli za homoni, akaishi nayo miaka minane.

Saratani ya vijifereji huua upesi kwa sababu hukua kimyakimya. Macho yanapogeuka manjano, mwili unapokonda na maumivu yanapopenya hadi mgongoni, mara nyingi uvimbe umekwisha kuizingira mishipa mikubwa ya damu au kusambaa hadi kwenye ini. Ni mgonjwa mmoja hivi kati ya watano anayefika akiwa bado anaweza kupasuliwa.

Ile adimu kwa kawaida hukua polepole, na wakati mwingine hujifichua yenyewe. Uvimbe unaomwaga insulini kupita kiasi hushusha sukari mwilini, mgonjwa akatetemeka, akachanganyikiwa au kuzirai. Wako waliodhaniwa kuwa na kifafa, hata ulevi, kabla ya sukari yao kupimwa. Isitoshe, ina dawa zake. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha vidonge viwili vya kuizuia, na mwaka 2018 ikaidhinisha dawa yenye mnururisho inayodungwa mshipani na kuzifuata seli za saratani zilipo. Dawa hizo si za kumpa mgonjwa wa saratani ya vijifereji, ambaye tegemeo lake kuu ni upasuaji na kemotherapi.

Hapa ndipo kisa cha Jobs kinapotumiwa vibaya. Baada ya uvimbe wake kugunduliwa Oktoba 2003, alikataa kupasuliwa kwa muda wa miezi tisa, akijaribu lishe maalumu na tiba mbadala. Wauzaji wa mitishamba wanaweza kudai kwamba lishe hiyo ndiyo iliyomwongezea miaka. Lakini kwa mujibu wa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Walter Isaacson, madaktari walipompasua Julai 2004 walikuta saratani imekwisha kufika kwenye ini. Mwaka 2009 alipandikizwa ini jingine. Kilichomrefushia maisha, zaidi ya yote, ni aina ya uvimbe aliokuwa nao. Mwenye ile ya kawaida akingoja miezi tisa, huenda asiwe na cha kupasuliwa tena.

Wala uadimu si kinga. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki Agosti 2018 kwa aina hiyo hiyo ya seli za homoni, na baadhi ya uvimbe wa namna hii hukua kwa kasi tangu mwanzo. Picha pekee haitoshi kuamua. Jobs mwenyewe aliwasimulia wahitimu wa chuo kikuu cha Stanford mwaka 2005 jinsi alivyoambiwa asubuhi kwamba asitarajie kuishi zaidi ya miezi mitatu hadi sita. Jioni ile madaktari walichomoa seli chache kwa sindano, wakazitazama kwa darubini, na ndipo walipojua kwamba hukumu ya asubuhi haikuwa yake.