Motoka ya Zamani Ikizimika Njiani: Tufuate Njia ya Esanse



Vikundi vingi vya wamama hapa Lubumbashi havina kamyo yao. Vinakodi, au vimechanga feza na kununua motoka ya zamani ya kubebea unga, makala na samaki. Pengine ni kamionete ya Peugeot 504. Motoka hii ni mzee mwenye nguvu. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Motoka ya Mwaka ya Ulaya, na viwanda vya Naijeria na Kenya viliendelea kuiunganisha mpaka miaka ya 2000. Ndiyo sababu mafundi wengi wanaijua na piesi zake bado zinatafutwa na kupatikana.

Lakini uzee una magonjwa yake. Ugonjwa tunaousikia sana katika mikutano ya vikundi ni huu: motoka inatoka vizuri asubuhi, inaenda kilometa kadhaa, inaanza kukohoa, inazimika. Fundi anaitwa, anafungua kapo, anasema: "Mama, pompi ya esanse imekufa." Feza ya likelemba inatoka, pompi mpya inafungwa, na safari inayofuata motoka inazimika tena palepale.

Hatuandiki haya ili kila mama awe fundi. Tunaandika ili mama anayelipa aweze kuuliza: "Fundi, umejuaje kwamba ni pompi? Tuonyeshe." Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Anafurahi kuonyesha.

Njia ni moja tu

Shuleni tunafundisha kutoka jambo jepesi kwenda jambo gumu. Kwa motoka ni vilevile. Motoka ya zamani ya esanse haina kompyuta. (Zile za mazutu zina njia nyingine, leo hatuzigusi.) Esanse inatoka kwenye tanki nyuma, inapita kwenye bomba chini ya motoka, inafika kwenye filtiri inayochuja uchafu, inavutwa na pompi iliyo ubavuni mwa moteri, kisha inasukumwa mpaka karburateri, chombo kinachochanganya esanse na hewa. Ni kama maji ya mtaa: robine ikikauka, hatununui robine mpya kabla ya kujua kama maji yamefika kwenye lango.

Kwanza: ni esanse, au ni moto wa buji?

Motoka inazimika pia kama buji hazitoi cheche. Kuna kipimo chepesi cha kutofautisha. Moteri ikiwa imezimwa na imepoa, fundi aondoe kifuniko cha filtiri ya hewa juu ya karburateri, kisha avute kwa mkono ile waya ya akseleratere. Ndani ya koo la karburateri sherti aone esanse ikiruka kama mate membamba. Ikiruka, esanse imefika. Basi akatafute kwanza kwenye moto wa buji. Isiporuka, karburateri ni kavu, na sasa tunaanza kufuata njia. Wakati wa kazi hii yote hakuna sigara, hakuna kiberiti, na hakuna simu inayotumiwa kama taa juu ya esanse iliyo wazi.

Tangu tanki

Jambo la kwanza linachekesha, lakini linagharimu: je, esanse iko? Kipimo cha mbele ya shofere katika motoka ya zamani kinadanganya mara nyingi. Kijiti kikavu na kisafi kinachoingizwa kwenye mdomo wa tanki, kama njia yake imenyooka, kinasema ukweli zaidi.

Jambo la pili ni kifuniko cha tanki. Esanse inapotoka, hewa sherti iingie mahali pake. Kifuniko cha asili kina njia ndogo ya hewa, au tanki lina mpira wake wa kupumua. Njia hiyo ikizibwa, pompi inavuta, tanki linabaki bila hewa, na baada ya muda esanse haiji tena. Motoka inazimika. Watu wanangoja, hewa inaingia polepole, motoka inawaka, inaenda kidogo, inazimika tena.

Kikundi kimoja cha wamama wauza samaki kilitueleza jambo lao. Kamionete yao ilikuwa ikizimika katika njia ya Kasenga, kila mara baada ya karibu nusu saa. Walikuwa wamekwisha kulipia pompi, na sasa waliambiwa wanunue karburateri. Mzee mmoja aliyekuwa abiria akaomba kuona kifuniko cha tanki. Kile cha asili kilikuwa kimepotea. Shofere alikuwa ameweka kingine kisicho chake, na chini yake sashe ya plastiki iliyokunjwa ili esanse isimwagike. Walipofungua, hewa ikaingia kwa mlio: fyuuu. Motoka ikawaka. Dawa yake ilikuwa kifuniko chenye njia ya hewa, kitu cha bei ndogo kabisa mbele ya pompi.

Basi kipimo ni hiki: motoka ikizimika, fungua kifuniko cha tanki mara moja. Ukisikia mlio wa hewa inayoingia, na motoka ikawaka na kwenda vizuri, umepata ugonjwa.

Jambo la tatu ni maji na kutu. Motoka inayotembea siku zote na esanse kidogo sana, tanki lake linapata unyevu ndani na kutu inaanza. Na esanse ya kando ya njia, ile ya Kadhafi, pengine ina maji. Kupima ni rahisi: tia esanse kidogo katika chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini na mstari utaonekana. Kutu na mchanga vitaonekana vilevile. Ukiona hivyo, tanki lioshwe, kwa sababu kila piesi mpya utakayofunga mbele itachafuka tena.

Bomba, mipira na filtiri

Filtiri ni piesi ya bei ndogo. Ikiwa nyeusi au imejaa uchafu, ibadilishwe. Ina mshale unaoonyesha esanse inaelekea wapi. Ikifungwa kinyume haifanyi kazi yake vizuri. Dalili ya filtiri iliyoziba ni kwamba motoka inatembea vizuri polepole, lakini kwenye mlima au ukiikanyaga sana inakosa pumzi.

Mipira midogo inayounga bomba inazeeka na kupasuka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mpira uliopasuka baada ya pompi unavuja, na harufu inasikika. Lakini mpira uliopasuka kabla ya pompi pengine hauvuji hata tone, kwa sababu pale pompi inavuta: badala ya kutoa esanse, unaingiza hewa. Fundi anaona pompi haileti kitu, anaihukumu, na kosa ni la mpira wa urefu wa kidole.

Kipimo cha bidoni

Hiki ndicho kipimo tunachopenda kuliko vyote, kwa sababu kinagawa njia katikati. Fundi atoe mpira unaoleta esanse kwenye pompi, afunge mpira mwingine mzima, na mwisho wake auingize katika bidoni ndogo yenye esanse safi, iliyosimamishwa vizuri mbali na moteri na eshapema. Kisha awashe.

Moteri ikienda vizuri bila kukohoa, pompi na karburateri ni nzima. Ugonjwa uko nyuma: kifuniko, tanki, bomba au filtiri. Ikiendelea kukohoa, ugonjwa uko mbele: pompi au karburateri. Kwa dakika kumi umejua upande wa kutafuta, na hujanunua kitu.

Pompi yenyewe

Pompi ya 504 na ya motoka nyingi za wakati ule haitumii umeme. Inasukumwa na moteri yenyewe, na ndani yake kuna utando wa mpira unaopanda na kushuka. Kuipima: fundi akate kwanza umeme wa buji, atoe mpira unaoingia kwenye karburateri, auelekeze katika chupa, kisha mtu apige demareri. Esanse sherti itoke kwa nguvu, kwa mapigo, na ndani ya nusu dakika hivi kikombe cha chai kinajaa. Ikitoka kwa kudondoka, na tumekwisha kujua kwamba mipira na filtiri ni vizima, hapo ndipo tunakubali: pompi imechoka.

Kuna pompi inayotoa esanse kidogo na ni hatari. Utando ukipasuka, esanse inaweza kushuka ndani ya mafuta ya moteri. Vuta kile kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, kinuse. Kikinuka esanse, au mafuta yamepanda bila mtu kuyaongeza, motoka isitembee tena mpaka itengenezwe na mafuta yabadilishwe. Mafuta yaliyochanganyika na esanse hayalindi vyuma, na moteri inaweza kuharibika kabisa.

Joto la mwezi wa kumi

Pengine kila kitu ni kizima na motoka inazimika saa nane ya mchana tu, kwenye mlima, ikiwa imebeba mzigo mzito. Esanse inachemka upesi. Ikipashwa sana karibu na moteri inageuka mvuke ndani ya mpira, na pompi hii haijui kusukuma mvuke. Tena Lubumbashi iko juu, kwenye mita zaidi ya 1200, na mahali palipo juu esanse inachemka kwa urahisi zaidi. Dawa ya njiani ni kungoja ipoe, kapo likiwa wazi, na kuweka kitambaa chenye maji juu ya pompi. Dawa ya kudumu ni kusogeza mpira mbali na eshapema, na kuona kama maji ya kupoza moteri yanatosha.

Karburateri, ya mwisho

Tukifika hapa ndipo karburateri ifunguliwe. Ndani yake kuna boya dogo linaloelea na kufunga sindano esanse ikitosha. Sindano ikikwama imefungwa, moteri inakauka. Ikikwama wazi, esanse inafurika: harufu kali, moshi mweusi, buji zimelowa. Kuna pia tundu dogo sana, jikleri, ambalo punje moja ya kutu inaliziba. Hapo moteri inazimika ukiachia akseleratere, lakini inaenda ukiikanyaga. Mara nyingi karburateri inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kupulizwa. Kununua nyingine ni jambo la mwisho.

Na sisi kama wamama

Esanse inayotolewa kwa vipimo hivi isibaki katika chupa ya maji au ya sukari. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ikitokea mtoto amemeza esanse, tusimtapishe, kwa maana ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Tumpeleke mara moja kwenye kituo cha afya, hata kama anaonekana mzima. Kwa sababu hiyohiyo, tuwakataze vijana wetu kuvuta esanse kwa mdomo na mpira.

Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula iliyo mbali na bidoni. Bidoni ya esanse isilale ndani ya nyumba, wala karibu na mahali pa kupikia.

Kazi ya juma

Kila kikundi chenye motoka kichague mama mmoja wa daftari. Motoka ikizimika, aandike mambo manne: saa, mahali, ilikuwa imetembea muda gani, na ilikuwa tambarare au mlima. Tena aandike kifuniko cha tanki kilipofunguliwa kilisema nini. Aandike pia piesi iliyonunuliwa, bei yake, na kipimo kilichofanywa kabla ya kuinunua. Piesi ya zamani idaiwe na kurudishwa kwa kikundi. Daftari hilo apewe fundi kabla hajafungua kapo. Mkutano ujao wa kikundi, lisomwe mbele ya wote pamoja na hesabu ya likelemba.

Juma lijalo tutarudi kwa mambo ya shule: namna ya kumsaidia mtoto anayeogopa hesabu. Tubaki na amani.